Ya Tatu

Asubuhi gari la Bi Glenys huwaka,
hilo si tatizo. Tatizo ni baada ya kuwaka:
linatetema kama mtu aliyekumbuka jambo baya,
usukani unacheza, kioo cha pembeni
kinavikatakata vilima vya mawe meusi
yaliyochimbwa kwa ajili ya mapaa, yakaachwa.
Nikikanyaga mafuta, linatulia.
Nikiachia, linarudia ugonjwa wake.

Volvo ya mwaka themanini na saba, rangi ya haradali,
kutu imekula kingo za milango.
Hapa Blaenau Ffestiniog mvua haikati, inapumzika tu,
nami nimelipwa nusu saa:
dawa, chai, soksi za kubana miguu, sahihi.
Nusu saa imekwisha. Nimefungua boneti.

"Unajua magari?" ananiuliza toka mlangoni,
shali begani, kikombe mkononi.
Najua kusikiliza, namwambia.
Mama yangu alitunza mashine ya kusaga, Muheza,
dizeli ya silinda moja, isiyo na plagi wala adabu,
na alipotaka kujua inaumwa wapi
alisimika bisibisi juu ya chuma,
mpini akautia sikioni,
akafumba macho. Madebe ya watu yakasubiri.

Basi naanza kwa sheria yake: usinunue kitu
kabla hujasikia.
Navaa glavu nene, navuta waya wa kwanza.
Injini inayumba, nusura izime. Narudisha.
Wa pili: inayumba. Narudisha.
Naruka wa nne: vilevile, inalalamika.
Nauvuta wa tatu
na hakuna kinachobadilika.

Hivyo ndivyo unavyomjua mfu kati ya walio hai:
ukimwondoa, kelele ni ileile.
Nalisema kwa sauti, na papo hapo najuta.
Bi Glenys anatazama ndani ya kikombe.
"Kwa magari, labda," anasema.

Nahamishia plagi ya tatu kwenye ya kwanza:
ugonjwa haukuhama.
Nabadilisha waya: haukuhama.
Cheche ipo, ya buluu, kali kama ulimi wa wifi.
Basi si moto. Ni pumzi.
Naomba ile chupa ya kunyunyizia nguo za pasi,
napuliza maji polepole, kiungo kwa kiungo,
mpira kwa mpira, mpaka nyuma kabisa
penye shingo ya tatu,
mahali tochi haifiki ila kidole,
na injini ikayanywa yale maji,
ikanyooka sauti, sekunde mbili hivi,
kisha ikarudi kutetema.

Hapo.
Kijimpira cha hewa, chembamba kama kidole cha mtoto,
kimezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli
na waya wa shaba, mizunguko saba,
ncha imekunjwa ndani
isije ikamchoma mtu.

"Emrys," anasema Bi Glenys.
"Mwaka ule theluji ilipofunga njia."
Aliziba ufa, hakujenga ukuta,
na kiraka kikaishi kuliko fundi wake,
miaka tisa, kikakauka, kikachanika,
kikawa chenyewe ndicho kinachovuja.

Kesho yake naja na mpira wa pauni mbili.
Dakika nne za kazi. Nawasha.
Moja, mbili, tatu, nne; moja, mbili, tatu, nne;
sarafu uliyoisimamisha juu ya injini ingesimama.
Nampa kile kiraka kwenye karatasi.
Anakinusa, anakunja uso, anakitia mfukoni mwa koti
pamoja na funguo za nyumba,
anauliza kama nimeshakula.

Daftarini naandika: dawa, chai, soksi.
Gari silitaji.
Bado linaunguruma pale nje mvuani,
linachoma mafuta ya bei,
na hakuna kati yetu anayeinuka kwenda kulizima.